Umepangiwa saiti ya kukarabati jengo kongwe la chuo? Sola subiri kwanza, panda juu uangalie gata

Wadogo zangu mnaoanza, mimi saiti yangu ya kwanza ya ukarabati "wa kijani", yaani wa kutunza mazingira, nilifika na listi ndefu ya vitu vya kununua, sola, vioo viwili viwili, taa za LED, rangi sijui ya kurudisha joto, nikajiona mtaalamu kabisa. Fundi mmoja mzee akaniuliza swali moja tu, maji ya paa yanatoka wapi na yanaishia wapi. Sikuwa na jibu. Akanichukua mpaka nyuma ya jengo, kumbe bomba la kushusha maji ya gata limekatika kitambo na maji yote yanamwagikia kwenye msingi, alafu sisi ndani tunapanga kuficha dampu, yaani unyevu wa ukutani, kwa rangi.

Kwaiyo naanza hapo, na sehemu hii nitakaa muda maana ndo inayomaliza hela za watu. Kuta za zamani za mawe au matofali laini mara nyingi zimejengwa kwa chokaa. Simenti ya Portland hati miliki yake imetolewa 1824 kwa Joseph Aspdin, na hata baada ya hapo mafundi waliendelea na chokaa miaka mingi tu. Ukuta wa namna ile unanyonya maji kidogo ukinyeshewa, kukikauka unayatoa, ndo ulivyokusudiwa kufanya kazi. Sasa sisi tuliona lipu imebanduka chini tukaibandua yote tukapiga lipu ya simenti, ngumu, imenyooka, kila mtu akasifia. Haukupita mwaka dampu ikatokea juu ya pale tulipoishia, maana maji yalikosa pa kutokea usawa wa chini yakapanda, na chumvi nyeupe ikaanza kusukuma rangi. Tukabandua tena kwa hela ambayo haikuwepo kwenye bajeti, na simenti ikibanduka huwa inaondoka na uso wa tofali, hiyo hairudi.

Kanuni niliyobaki nayo ni kwamba kinachounganisha matofali kiwe laini kuliko tofali lenyewe, ili kikichoka kife chenyewe na tofali lipone. Chukua kipande cha lipu ya zamani ukipeleke maabara wakuambie imechanganywa na nini, chuoni maabara ipo mlango wa pili, ajabu watu hawaendi. Na baada ya kurekebisha gata usikimbilie kupaka rangi, ukuta mnene unakauka taratibu, unaweza kuchukua miezi mingi, msimamizi atakupigia kelele, mvumilie.

Kama jengo lako ni la zege, na vyuo vingi vilipanuka miaka ya 1960 na 1970 kwa zege tupu, ugonjwa ni mwingine. Zege likiwa zima lina ualikali mkubwa, pH juu ya 12, na huo ndo unalinda nondo zisiote kutu. Hewa ya ukaa inaingia polepole mwaka hadi mwaka inaushusha, ikifika kwenye nondo na unyevu upo basi kutu inaanza, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, kwaiyo inapasua zege kutoka ndani. Kipimo chake ni rahisi, unavunja kipande kidogo pale pale, unanyunyizia fenolfthalini, dawa ya maabara ya kupimia ualikali, palipo salama panageuka pinki na palipoharibika panabaki vile vile. Linganisha kina cha kuharibika na mahali nondo zilipo ndo useme nguzo inarekebishika au la. Nimeona watu wanataka kubomoa bloku zima kwa sababu ya nyufa ambazo zilikuwa za lipu tu!

Na kubomoa ndo kitu cha kukiogopa kuliko vyote. Uzalishaji wa simenti peke yake unakadiriwa kuchangia kama asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Msingi na fremu ya jengo lako hewa yake ya ukaa ilishatoka zamani, imeshalipwa, ukibomoa unaanza deni upya na jengo jipya hata litumie umeme kidogo vipi linachukua miaka mingi kulifidia. Lacaton na Vassal, wasanifu majengo wa Ufaransa, wamejenga jina lao kwa msimamo wa kutobomoa, na 2021 wakapewa Pritzker, tuzo kubwa kabisa ya usanifu majengo, kwaiyo ukiambiwa kwenye kikao kwamba kukarabati ni kazi ya wasio na ubunifu una cha kujibu.

Vitu vya ndani nako ni hivyo hivyo. Milango ya mbao ngumu, vitasa vya shaba, sakafu ya terazo, vyote vinarudi kazini. Ila tafuta stoo KABLA ya kung'oa, weka namba mlango na fremu yake, sisi hatukuweka, milango ikaegeshwa nje mvua ikainyeshea, mingine haijulikani iliishia wapi, tukanunua mipya myepesi na bado ripoti ikaandikwa ukarabati endelevu. Niliona aibu kuisaini.

Asbestosi, yale madini ya nyuzi ambayo vumbi lake linaua mapafu, sitaki mjadala. Dari za zamani, mabomba yaliyofungwa joto, vigae vya sakafu, shuku mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Hakuna drili wala msumeno kabla ya majibu, na kuondoa ni kazi ya watu wenye kibali. Rangi za zamani pia pima madini ya risasi kabla hujazipiga msasa. Taa za tyubu mnazotoa zina zebaki, msizitupe na kifusi.

Sasa umeme. Kabla ya kununua chochote omba bili za miezi 12, alafu nenda usiku wa jumapili jengo likiwa tupu ukasome mita. Sisi tulikuta matumizi ya usiku hayapishani sana na ya mchana, tukazunguka na tochi, feni za kutolea hewa zinazunguka kwenye maabara isiyotumika, kiyoyozi kimewashwa kwenye chumba cha makaratasi. Hiyo tuliipunguza kwa taima za kuzima vitu vyenyewe tu, sola tuliyokuwa tumeipanga ikawa ndogo kuliko ya mwanzo. Na kama shida ni jua, kivuli cha nje ya dirisha kinashinda pazia, maana mwanga ukishapita kioo joto limeshaingia, pazia linaficha tu.

Kuziba mianya ni vizuri ila usizibe bila kufikiria pumzi. Hewa ya nje ina kaboni dioksidi, ile ile hewa ya ukaa, kama ppm 420 (sehemu 420 kwa kila milioni), ukumbi wa mihadhara uliojaa na madirisha yamezibwa unapita 1,000 kirahisi, wanafunzi wanasinzia mnadhani mhadhiri ndo mbovu. Nunua kipimo, kiweke ukutani wiki nzima, kabla na baada.

Kingine ambacho hakifundishwi, jengo lina watu ndani. Pata ratiba ya mitihani siku ya kwanza, ukipiga jekihama wiki ya mitihani utasimamishwa tu na kontrakta atadai fidia ya siku hizo. Na wahudumu wa usafi waulize wao, wanajua dari ipi inavuja upepo ukitoka upande gani, taarifa hiyo haipo kwenye drowingi yoyote. Drowingi zenyewe usiziamini, pima upya.

Kabla ya kufunika ukuta au dari piga picha mabomba na nyaya ukiwa umeweka futi pembeni isomeke, andika chumba na upande, alafu nakala mpe fundi wa matengenezo mkononi, sio ofisini tu, maana bomba likipasuka saa nane usiku ofisi imefungwa na yeye ndo anaitwa.