Kulijua Jiji la Mwanza Bila Kuongozwa na Simu

Jibu haraka, bila kufungua ramani: kati ya Mwanza na Mombasa, mji upi uko kaskazini zaidi?

Wengi ninaowauliza hapa mjini hawasiti hata kidogo. Mombasa, wanasema, kwa sababu iko Kenya, na Kenya iko juu yetu. Haya, fungua ramani sasa. Mwanza iko kama nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, Mombasa iko nyuzi 4. Ukinyoosha mstari kutoka hapa kwenda mashariki mpaka baharini, Mombasa utaiacha zaidi ya kilometa 150 upande wa kusini. Hata Arusha iko kaskazini kuliko Mombasa.

Usidhani shida ni kutosoma jiografia. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, Albert Stevens na Patty Coupe, waliwauliza watu swali la namna hiyohiyo: kati ya San Diego na Reno, upi uko magharibi zaidi? Watu wakajibu San Diego, maana uko California, na California iko magharibi mwa Nevada, jimbo la Reno. Kumbe Reno ndio uko magharibi. Akili haitunzi kila mji na mahali pake kamili. Inatunza mambo kama kabati la droo: Mombasa imo ndani ya Kenya, Mwanza imo ndani ya Tanzania, na ukiiuliza kuhusu miji inatazama droo zilivyopangwa, kisha inakisia.

Kazi yangu ni kusambaza bidhaa kwenye maduka ya rejareja, na vijana wapya wa pikipiki wakija mimi ndiye ninayewazungusha mitaani. Kwa hiyo mambo haya kwangu si ya darasani. Kijana anayelijua jiji kichwani anamaliza oda zake mchana. Anayefuata sauti ya simu anamaliza jioni, tena chaji ikiisha mnatafutana.

Kwa Mwanza, droo ni barabara. Jiji letu limebanwa na vilima vya mawe, na barabara kubwa zimepita pale mawe yaliporuhusu. Kenyatta inakwenda kusini kupitia Mkuyuni na Nyegezi hadi Buhongwa. Nyerere inaelekea mashariki: Mabatini, Buzuruga, Nyakato, Igoma. Makongoro inapanda kaskazini kupitia Kirumba na Pasiansi kuelekea uwanja wa ndege. Mgeni anajifunza vituo kwa kufuata daladala, na kichwani mwake kila mtaa unaning'inia kwenye barabara yake, na barabara zote zinakutana mjini tu. Mwulize atoke vipi Buhongwa kwenda Igoma. Atakurudisha mpaka mjini, akuzungushe, kisha akutoe tena nje. Wakati kuna barabara inayotoka Buhongwa moja kwa moja hadi Igoma, nyuma ya vilima, bila kugusa foleni ya mjini. Vivyo hivyo mtu wa Sabasaba anaweza kwenda Buswelu kwa kupitia Kiseke, akatokea Nyakato.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni huu: zijifunze njia zinazounganisha barabara kubwa kabla hujajifunza vichochoro. Vichochoro utavijua tu ukiwa unafanya kazi. Hizo za kuunganisha hutazijua mpaka uzitafute, kwa sababu kichwa chako kimeshaamua kwamba Igoma ni mbali na Buhongwa na hakioni haja ya kuuliza.

La pili linahusu ziwa. Tumefundishwa tangu shule ya msingi kwamba Mwanza iko kusini mwa Ziwa Victoria, basi mgeni akisimama mjini na kuona maji anasema kule ni kaskazini. Hapana. Mji umekaa ukingo wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza. Ukiwa katikati ya mji, maji yako magharibi, na jua linazama upande wa Kamanga na Sengerema. Nimeona vijana wakishika simu zao wakizigeuzageuza, wakidhani dira imeharibika. Likae hilo kichwani kwanza, mengine yatajipanga yenyewe. Ila ukifika Capri Point usilitegemee, pale maji yamekuzunguka karibu kila upande.

Kuhusu alama za kukuongoza nina ubishi kidogo na watu wa utalii. Bismarck Rock ni mwamba mzuri wa kupigia picha, lakini kwa kuongoza safari haufai kitu. Uko chini, ufukweni, na ukishavuka kilima kimoja hauuoni tena. Tafuta kitu kinachoonekana kutoka mbali na pande nyingi. Kwa eneo la mjini mimi nachukua kilima cha Bugando na hospitali yake pale juu. Kila ukisimama, jiulize: Bugando iko mkono gani sasa? Swali dogo sana, lakini ndilo linaloulazimisha ubongo kufanya kazi.

Na ubongo una vifaa vya kazi hiyo. Mwaka 1971 John O'Keefe, akiwa London, alieleza kuhusu seli ndani ya hipokampasi ya panya, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu na mahali, ambazo kila moja huwaka, yaani hutuma ishara, panya anapofika sehemu fulani ya chumba. Mwaka 2005 May-Britt Moser na Edvard Moser, huko Norwei, wakatangaza seli nyingine, jirani na hizo, zinazowaka kwa mpangilio wa pembetatu zinazojirudia sakafuni, kana kwamba zinapima eneo. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2014.

Utafiti ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni wa madereva teksi wa London, uliotoka mwaka 2000 chini ya Eleanor Maguire. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi yao ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Madereva hao hutakiwa kukariri mitaa ipatayo 25,000 kabla ya kupewa leseni, na wengi hujifunza kwa kuizunguka kwa pikipiki. Jioni wanakaa wawili wawili: mmoja anataja mwanzo na mwisho wa safari, mwenzake anaitaja njia yote kwa mdomo, kona kwa kona.

Zoezi hilo nimelileta kijiweni kwetu. "Toka Mkuyuni nenda Kiseke, mjini usipite." Anayekwama ananunua chai. Nakuhakikishia linafundisha kuliko wiki nzima ya kufuata simu, kwa kuwa simu inakupa kona inayofuata tu, wakati kutaja njia kunakudai uione yote kabla hujaondoka. Kama uko peke yako, chora. Chukua karatasi, chora jiji bila kuchungulia popote, kisha linganisha na ramani. Palipo patupu kwenye mchoro wako ndipo pa kwenda Jumapili.

Uchore upya njia zinapobadilika. Kwa miaka mingi Sengerema ilikuwa mbali vichwani mwetu kwa sababu ya kusubiri kivuko pale Kigongo. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kama kilometa 3, lilifunguliwa Juni 2025, na sasa unavuka kwa dakika chache. Bado nasikia wenye maduka wakikataa oda za ng'ambo kwa kusema "huko ni safari." Wanapima kwa foleni ya kivuko ambayo haipo tena.

Ukikwama kabisa, uliza, lakini chagua wa kumuuliza. Konda atakupa vituo vya barabara yake, basi. Mwendesha bodaboda atakupa njia ya mkato hata kama ina mawe matupu. Ukiwa na mzigo mzito, mfuate kaka anayesukuma mkokoteni, msalimie vizuri, umuulize yeye. Huyo anajua njia ambayo haina mlima.