Kijana, kabla hujashika kipaza sauti

Tangu ule mhadhara wa Masasi, wa Wakristo na Waislamu kujibizana hoja za dini, simu yangu haipumziki. Vijana wananiandikia kutoka Newala, Nachingwea, mpaka Kilwa, na ombi ni lile lile: "Mchungaji, nipe aya za kuwamaliza." Nawaelewa. Nani asiyependa kuitwa mwalimu mbele za watu?

Ila sikilizeni ilivyokuwa. Ustadhi wa upande wa pili alinyanyua Injili ya Barnaba, kitabu kisichomo kwenye Biblia kinachodai kuandikwa na Barnaba wa zama za mitume, fotokopi iliyobanwa pini, akasema hiki ndicho kitabu kilichofichwa kwenye Mtaguso wa Nikea, ule mkutano wa maaskofu wa mwaka 325. Watu wangu wakaanza kutazamana. Mimi kile kitabu nilishakisoma chote. Nikamwomba kwa adabu atusomee sura ya 20. Akasoma: Yesu anapanda chombo kwenye Bahari ya Galilaya, anasafiri mpaka Nazareti. Nazareti iko milimani, ndugu zangu! Tukaenda sura ya 82, jubilei, ule mwaka mtakatifu wa maachilio, huko inakuja kila miaka mia. Walawi 25 inasema hamsini. Ya miaka mia ni agizo la Papa Bonifasi wa Nane, mwaka 1300. Mtu wa zama za mitume aliyajulia wapi hayo? Na pale Nikea ugomvi ulikuwa juu ya mafundisho ya Ario, padri aliyesema Mwana wa Mungu aliumbwa, si kuchagua vitabu. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya tulivyo navyo leo iko kwenye barua ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. (Injili hiyo ya Barnaba usiichanganye na Waraka wa Barnaba, ule wa kale kweli. Wengi wanajikwaa hapo.)

Vijana wangu wakataka kushangilia, nikawakataza kwa mkono. Ustadhi ni muungwana. Baadaye tulikunywa kahawa tukilalamikia bei ya korosho.

Hayo sikuyapata kwa maono. Malipo ya korosho za mke wangu yalipotoka, majirani walinunua bodaboda, sisi tukaagiza vitabu Dar vikaja na basi. Mama watoto hakununa, Mungu ambariki. Aliyenuna ni mkubwa wangu mmoja kanisani. Nilipoomba ruhusa ya kwenda kusoma, alinijibu mbele ya wazee: "Vitabu vitakukausha upako." Leo ananiita nifundishe wainjilisti wake. Naenda, nafundisha, nala na wali wake. Lakini lile neno bado linaniwasha.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kusoma. Soma Biblia yako yote, siyo aya ulizopigiwa mstari na mtu mwingine. Soma kitabu cha mwenzako chote, tena ukikisoma kwa heshima. Ukiulizwa usichokijua, sema utakitafuta, kisha kitafute kweli. Petro alisema tuwe tayari kumjibu kila mtu, "lakini kwa upole na kwa hofu." Hiyo nusu ya pili mnaiacha wapi? Unamshinda mtu hoja jioni, asubuhi hakusalimii sokoni, na wewe unajiita mtetezi wa Injili! Umemtetea nani? Tubuni!

Nanyi wazee wa kanisa mnaosoma hapa: kila msimu wa korosho mnapitisha bajeti ya spika mpya. Mwaka huu ongezeni mstari mmoja wa vitabu vya mchungaji, hata kama spika zitapungua moja.