Maswali ya Wasomaji: Kadi ya Michoro kwa Kompyuta Iliyozeeka

SWALI: Ndugu mjibu maswali, salaam. Nina kompyuta ya mezani aina ya Dell OptiPlex 7010, ile yenye kasha kubwa la kusimama, niliyoinunua Kariakoo ikiwa mtumba wa ofisini kutoka Ulaya. Ina prosesa ya Core i5-3470, RAM ya GB 4 na diski ya kawaida ya GB 500. Vijana wangu wanataka kuchezea GTA V na mpira wa EA Sports FC, lakini kwa sasa picha zinakwamakwama kiasi cha kukera. Muuza vifaa mmoja ananishauri nichukue kadi ya Radeon RX 580 ya GB 8 iliyotumika, kwa kuwa ina nguvu na bei yake ni nafuu, na waya wa umeme unaokosekana atanipa bure. Je, nichukue?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usichukue, ndugu yangu, na sababu haiko kwenye kadi yenyewe bali kwenye pawa saplai yako, yaani boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta. Laza kompyuta ubavuni, ondoa kifuniko cha pembeni, kisha usome kibandiko kilicho juu ya boksi la chuma ambamo waya wa ukutani huingia. Kwa modeli hii yenye kasha kubwa, boksi la kiwandani huwa na wati 275. Mashine hii ilitoka 2012 kwa ajili ya kazi za ofisini, na walioiunda hawakuona haja ya kuiachia akiba kubwa ya umeme. Prosesa yako peke yake imepimwa wati 77. Mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote), diski, RAM na feni kwa pamoja tuzikadirie wati 45. RX 580 nayo imepimwa wati 185. Ukijumlisha utaona kwamba umeshavuka 300, na hapo hatujazungumzia umri wa boksi lenyewe, ambalo limekwisha kufanya kazi miaka mingi na haliwezi kutegemewa kama lilipokuwa jipya. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba kompyuta inawaka vizuri, Windows inafunguka, kila mtu anafurahi, kisha katikati ya mchezo, pale kadi inapodai umeme wote inaouhitaji, mashine inazima ghafla.

Huo waya wa bure unanitia wasiwasi kuliko kadi. RX 580 kwa kawaida hudai plagi ya pini 8, ambayo kwa kanuni inaweza kupitisha hadi wati 150, na boksi lako halina plagi hiyo. Waya wa kuungia huchukua umeme kutoka kwenye plagi ya SATA, yaani ile iliyokusudiwa diski, ambayo upande wa volti 12 imepangiwa takribani wati 54 tu. Plagi ndogo ikibebeshwa mzigo wa namna hiyo hupata joto, plastiki yake hubadilika rangi na kulainika, na mwisho wake ni kuyeyuka au kuwaka. Muuzaji anayetoa waya wa SATA kwa pini 8 kama zawadi ama hajui anachouza, ama anajua na hajali.

Kadi inayokufaa ni ile isiyohitaji plagi yoyote ya umeme. Sloti ya PCI Express kwenye mazabodi inaruhusiwa kutoa hadi wati 75, na zipo kadi zilizobuniwa kuishi ndani ya kiwango hicho. GeForce GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019 zote zina GB 4 za kumbukumbu na zote zimepimwa wati 75. Ukirudia hesabu yetu kwa mojawapo ya hizo unafika wati 197, na boksi lako linabaki na nafasi ya kupumua.

Kati ya hizo mbili, ningeongeza pesa kidogo nichukue 1650. Si kasi tu inayonisukuma. NVIDIA ilikwisha kutangaza kwamba kizazi cha 1050 Ti kingepata draiva yake ya mwisho ya michezo (draiva ni programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi) Oktoba 2025, na baada ya hapo ni masahihisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028, ilhali 1650 ni ya kizazi kilichofuata na haimo katika tangazo hilo. Hata hivyo, angalia ubavu wa kadi kabla hujalipa, kwa sababu viwanda vingi vilitengeneza 1650 zenye plagi ya pini 6, na jina kwenye boksi la karatasi halitakuambia tofauti hiyo. Ukiona tundu la pini 6, irudishe kaunta.

Huenda muuzaji akakuonyesha pia RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024 ikiwa na wati 70. Kwa upande wa umeme inakubalika, ila prosesa yako, inayofanya kazi nne tu kwa wakati mmoja, itakuwa inaichelewesha, na sioni maana ya kulipia mwendo usioutumia. Kadi za Intel Arc ziepuke kabisa kwa mashine hii, maana zinategemea uwezo wa mazabodi uitwao Resizable BAR ambao kompyuta ya 2012 haina, na bila uwezo huo kasi yake inaporomoka.

Sasa nikuambie jambo ambalo muuza kadi hakukuambia: pesa ya kwanza isiende kwenye kadi. GB 4 za RAM hazitoshi; Windows yenyewe inakaribia kuzimaliza kabla mchezo haujafunguliwa. Nunua kipande kingine cha DDR3, ambayo ndiyo aina ya RAM ya mashine yako, tena ikiwezekana viwili vya GB 4 vinavyofanana, kwa sababu prosesa husoma vipande viwili kwa wakati mmoja na hilo huonekana kwenye mchezo. RAM ya aina hii imejaa kwenye maduka ya mtumba na bei yake si ya kuumiza. Kisha tafuta diski ya SSD, ile isiyo na sahani inayozunguka na inayosoma data kwa kasi zaidi. GTA V ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2015 ilidai GB 65 za nafasi, na imekuwa ikinenepa tangu hapo. Ukiiendesha kwenye diski ya zamani, utaona barabara na majengo yakichelewa kutokea mbele ya gari hata kama kadi yako ni nzuri.

Kuhusu GTA V yenyewe nina habari njema, kwani watengenezaji walipoorodhesha vifaa walivyovipendekeza mwaka ule wa 2015, prosesa waliyoitaja upande wa Intel ilikuwa hiyohiyo i5-3470 yako, pamoja na RAM ya GB 8 na kadi ya GTX 660 ya GB 2. 1650 inaipita kadi hiyo kwa mbali. Vijana watacheza kwenye skrini ya 1080p bila kulalamika, mradi wachague toleo la awali na si lile lililoboreshwa la 2025. Mpira ni habari nyingine. EA Sports FC 25 inataja i5-6600K kuwa kiwango cha chini cha prosesa, yaani vizazi vitatu mbele ya yako, na kadi haiwezi kuziba pengo la prosesa. Waridhike na matoleo ya FIFA ya miaka ya nyuma.

Siku ya kufunga, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, na uguse chuma tupu cha kasha kabla ya kushika kadi. Ndani utakuta sloti mbili ndefu zinazofanana. Tumia iliyo karibu na prosesa, kwa sababu ile ya chini, pamoja na urefu wake, ina njia 4 tu za kupitishia data badala ya 16. Kandamiza kadi mpaka usikie kilimi cha plastiki kikijifunga, kisha kaza skrubu ya nyuma. Na kama siku moja utataka kadi kubwa zaidi, faida ya 7010 ya kasha kubwa ni kwamba mazabodi yake inatumia plagi ya kawaida ya pini 24, hivyo boksi la umeme linaweza kubadilishwa kwa la dukani. Mwenye OptiPlex 9020 asikuige, kwa kuwa plagi yake ni ya Dell peke yake.

SWALI: Kwako mjibu maswali, assalaam aleikum. Mwanangu ana HP EliteDesk 800 G1, ile nyembamba ya kulala chini ya skrini. Anataka kadi kwa ajili ya Minecraft na michezo midogomidogo. Dukani nimeonyeshwa GT 1030 mbili, moja ghali na nyingine rahisi, na kijana wa dukani anasema ni kitu kimoja.
Mama wa mwanafunzi, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Si kitu kimoja, ingawa jina ni moja, na lawama hapo ni ya NVIDIA. GT 1030 ya kwanza, ya 2017, ina kumbukumbu ya GDDR5. Mwaka uliofuata likatoka toleo la DDR4 bila kubadilishwa jina. La kwanza hupitisha GB 48 za data kwa sekunde, la pili hupitisha chini ya GB 17, na kwenye mchezo tofauti hiyo inaonekana kwa macho. Soma maandishi madogo kwenye ubavu wa boksi la karatasi, uchague lenye GDDR5 hata kama bei imezidi. Umeme usikusumbue, kwa maana kadi hii hutumia wati 30 tu.

Kinachohitaji uangalifu ni kimo. Kasha lenu haliingizi kadi ya kimo cha kawaida, kwa hiyo hakikisha kadi ni fupi na kwamba ndani ya boksi kuna bamba la chuma fupi la kufungia nyuma. Kadi zilizotumika mara nyingi huuzwa na bamba refu pekee, na fupi limekwisha kupotea. Nenda na rula, au bora zaidi, nenda na kompyuta yenyewe.

SWALI: Nimeagiza kwa simu GTX 1050 Ti ya GB 4 kwa bei ya chini sana. Nimefurahi kwamba ina mlango wa VGA, kwa sababu skrini yangu ni ya zamani. Lakini draiva ya NVIDIA inakataa kuingia, na kwa draiva niliyopewa na muuzaji mchezo unajifunga kila baada ya muda mfupi.
Msomaji, Mwanza

JIBU: Huo mlango wa VGA uliokufurahisha ndio ushahidi wa kwanza dhidi ya muuzaji. Kizazi cha 1050 Ti hakitoi tena ishara za analogi ambazo VGA inazihitaji. Inaelekea umeuziwa kadi ya zamani, kama GTS 450 au GTX 550 Ti, ambayo programu yake ya ndani imebadilishwa ili ijitambulishe kwa jina jingine. Kadi za kizazi hicho ziliachwa na draiva mpya tangu 2018, ndiyo maana draiva halisi inaikataa. Mchezo nao unajifunga pale unapojaribu kutumia kumbukumbu ambayo imeandikwa tu lakini haipo.

Ili kupata uhakika, pakua programu ya bure iitwayo GPU-Z na uiendeshe. Kadi ya namna hii ikigunduliwa, programu huweka neno FAKE mbele ya jina. Angalia pia idadi ya vitengo vya kuchakata: 1050 Ti halisi ina 768, na hizo nilizozitaja zina 192. Piga picha ya skrini, uipeleke kwa muuzaji pamoja na stakabadhi, na udai pesa yako badala ya kukubali kubadilishiwa kadi nyingine kutoka kwenye mzigo uleule.

Ukishapata kadi halisi, skrini yako ya zamani bado itatumika, lakini kwa kifaa cha kugeuza HDMI kuwa VGA chenye saketi ndani yake. Waya mtupu wenye plagi mbili tofauti hautatoa picha. Na uchomeke kwenye kadi, si kwenye mlango wa VGA wa mazabodi, ambao kwenye mashine nyingi huzimika mara kadi inapotambuliwa na kumfanya mtu adhani ameharibu kompyuta nzima.