Laptopu inachemka, fundi kasema ninunue chaja ya volti ndogo

SWALI: Habari kaka. Mimi naedit video za harusi na kichen pati hapa Tanga, natumia laptopu ya mtumba yenye prosesa ya Intel Core i7-8750H. Nikianza kurenda tu (kutoa video iliyokamilika), dakika mbili haziishi ishafika nyuzi 97, feni inalia kama mashine ya kusaga, halafu kazi inaanza kwenda kwa kujikongoja. Nasikia ukishusha volteji ya prosesa joto linapungua. Nikamuuliza fundi mmoja, akasema rahisi tu, nunua chaja ya volti ndogo. Nisaidie nisije nikaua kitu maana ndo ofisi yangu hiyo.
Dada wa Tanga

JIBU: Dada, hiyo chaja usiinunue, na kama ushainunua irudishe leo leo. Volteji inayosemwa hapo sio ya chaja. Tanesco wanakuletea 230, chaja inashusha mpaka 19 na ushee, halafu ndani kwenye bodi kuna saketi zinashusha tena mpaka prosesa inapata kama volti moja hivi. Hiyo ya mwisho ndo tunaigusa, na inaguswa kwa programu. Chaja ibaki ileile iliyoandikwa chini ya mashine yako.

Sasa kwa nini iguswe. Prosesa zikitoka kiwandani ni kama maembe ya mti mmoja, hazifanani, kuna inayotulia na umeme kidogo na kuna inayotaka zaidi kwa kazi ileile, na kiwanda hakina muda wa kuipimia kila moja kipimo chake cha mwisho kwahiyo wanaweka akiba ya kutosha hata ile dhaifu iweze kufanya kazi kwenye joto na bila kuzima. Yako ikiwa nzuri basi inakula umeme ambao haiuhitaji, na umeme wote unaoingia kwenye prosesa unaishia kuwa joto. Utamu ni kwamba ulaji haupungui sawa kwa sawa na volti, unaenda kwa mraba wake. Ukitoa volti 1.10 ukaweka 1.02 umepunguza kama asilimia 7 tu, ila umeme wa kufanyia kazi unashuka kama asilimia 14, na spidi haijaguswa.

Lakini kwanza fungua hiyo laptopu. Hizo prosesa zilitoka 2018, na kama haijawahi kusafishwa basi ile pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa imeshakauka kama ugali wa juzi, na kwenye mapezi ya feni kuna blanketi la vumbi. Safisha, weka pesti mpya, halafu pima tena. Kuna watu wanahangaika na volteji wiki nzima kumbe hewa haipiti!

Ukimaliza hapo shusha ThrottleStop, programu ya Windows ya kurekebisha prosesa, ni ya bure. Ingia sehemu ya FIVR, fungulia volteji kwenye CPU Core, weka ofseti (kiasi cha kutoa) ya -50 milivolti, halafu nenda CPU Cache uweke hiyohiyo -50, usiache moja nyuma maana kwa prosesa kama yako ukishusha moja tu mara nyingi huoni mabadiliko. Wakati wa kujaribu chagua isihifadhi moja kwa moja. Hii ni muhimu kuliko zote, kwa sababu ukizidisha mashine itaganda au italeta skrini ya bluu, unazima unawasha na volteji inarudi ya kiwandani yenyewe. Kurenda video nzima ya harusi ndo kipimo chako, sio dakika tano. Ikitulia ongeza -10, renda tena. Wengi wanafika -80 mpaka -120 ila hiyo sio ahadi, yako inaweza kukataa -70 na hakuna wa kumlaumu. Ikigoma kwenye namba fulani rudi nyuma 15 au 20 ukae hapo, usikae ukingoni kabisa eti kwa sababu jana ilikubali. Na wakati unajaribu usitumie kazi ya mteja ambayo huna kopi yake, volteji ikipungua sana prosesa inaweza kukosea hesabu kimyakimya na faili likaharibika hujui.

Usitegemee kuona nyuzi 70 lakini. Yako sasa hivi inajipunguza spidi kwa sababu ya joto, kwahiyo ukiipa nafuu itaitumia kwanza kukimbia, joto litashuka kidogo na renda itaisha mapema. Mimi ningechukua hiyo.

Kuna kikwazo kimoja. Desemba 2019 watafiti wa vyuo vya Birmingham, Graz na Leuven walitangaza shambulio waliloliita Plundervolt, wakaonyesha mtu akishaingia kwenye mashine anaweza kuchezea volteji hiihii mpaka akachomoa siri zilizofichwa ndani ya prosesa. Intel wakatoa marekebisho, laptopu nyingi zilizosasishwa baiosi (programu ya msingi inayoiwasha mashine) zikafungwa volteji isiguswe. Ukikuta kwenye FIVR imeandika Locked ndo hiyo. Watakwambia rudisha baiosi ya zamani, mimi sikushauri, ikikatikia njiani umebaki na sinia. Hapo ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, kiwango cha juu cha prosesa toa 100 weka 99, turbo (ile spidi ya ziada) itazima na joto litashuka sana. Ila utarenda taratibu, i7 yako bila turbo ni 2.2 GHz.

SWALI: Bro mi nina deskitopu yenye prosesa ya AMD Ryzen 5 5600X, nimeweka Curve Optimizer (sehemu ya baiosi ya kushusha volteji) -20 kwa kore zote, yaani vitengo vyote vya kazi ndani ya prosesa, mbona joto ni lilelile?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kwa sababu Ryzen ikipata nafasi inaijaza, umeipunguzia volteji yenyewe ikapandisha spidi mpaka ikagusa tena kikomo chake cha wati. Kwako kikomo hicho kinaitwa PPT na cha kiwandani ni 76, shusha mpaka 60 kwenye baiosi hukohuko, acha na hiyo -20, utaona tofauti. Na ikianza kujizima ukiwa hufanyi kitu, umeacha tu dirisha moja wazi, usilaumu pawasaplai mapema. Kuna kore haipendi -20, ipe hiyo peke yake -10.

SWALI: Kushusha volteji kunaweza kuunguza prosesa?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Hapana, kinachounguza ni kupandisha. Angalia tu alama mbele ya namba iwe ya kutoa, maana ukikosea hapo tutaanza kuongea mengine.