Ukifungua mvinyo mwekundu wa zamani, mpishi apunguze mbwembwe

Kama una chupa ya mvinyo mwekundu iliyolala miaka kumi na tano au ishirini na umeamua kuinywa na marafiki nyumbani, anza kwa kufikiria sufuria. Pika kitu kimoja, kipike taratibu, na viungo viwe vichache. Najua mgeni akija mkono unawasha, unataka meza ijae. Lakini usiku huo mgeni wa heshima ni chupa, na chakula kazi yake ni kuisindikiza.

Sababu ni hii. Mvinyo mwekundu ukiwa mchanga una tanini nyingi, ule ukakasi unaokausha ulimi na fizi, na unahimili nyama ya kuchoma yenye mafuta na viungo vikali. Miaka ikipita, tanini na rangi hushikana, huwa nzito, na sehemu yake huzama chini kama mashapo. Kinachobaki ni laini. Ladha ya matunda imepungua, na mahali pake zimekuja harufu za ngozi, tumbaku, majani makavu, uyoga. Ni harufu za upole. Pilipili kali inazifunika kabisa, na siki inaufanya mvinyo uonekane umechoka. Mimi hupika nyama ya ng'ombe ya mfupa kwa moto mdogo, saa tatu hivi, pamoja na vitunguu na uyoga, chumvi, na pilipili manga kidogo tu. Saladi ya siki naiacha, na sijawahi kusikia mgeni akiiulizia.

Si kila mvinyo unafaa kuwekwa. Mwingi unaouzwa umetengenezwa unywewe ndani ya miaka michache, na kuufungia kabatini muongo mzima ni kuupoteza. Inayostahimili ni kama Barolo ya Italia, inayotokana na zabibu za Nebbiolo, Bordeaux nzuri ya Ufaransa yenye zabibu za Cabernet Sauvignon, au Rioja ya daraja la Gran Reserva kutoka Hispania. Kwa sheria, Barolo haiuzwi kabla ya kukaa miezi 38, na 18 kati ya hiyo iwe ndani ya pipa la mbao.

Chupa isimamishe wima siku moja kabla, ili mashapo yashuke. Kizibo cha zamani huwa kimelegea na kinaweza kukatika katikati, kwa hiyo tumia kizibuo cha ndimi mbili, zile bapa zinazopenya ubavuni mwa kizibo bila kukitoboa. Zitikise kidogokidogo kushoto na kulia huku ukisukuma, kisha zungusha na kuvuta polepole.

Kumimina ndiko ninakokupenda kuliko yote. Washa tochi au mshumaa nyuma ya shingo ya chupa, inamisha, umimine kwenye jagi la kioo kwa mkondo mwembamba usiokatika. Usiirudishe chupa wima katikati, maana mashapo yatavurugika. Mwanzoni shingo inapitisha mwanga safi, wekundu wa tofali. Karibu na mwisho utaona uzi mweusi unatambaa kutoka begani mwa chupa kuelekea shingoni. Uzi ukifika shingoni, acha hapo hapo. Kilichobaki ni kichungu na chenye chengachenga, hakifai kumpa mtu.

Fanya hivyo wageni wakiwa wamekaa tayari. Ushauri wa kuuacha mvinyo upumue saa nyingi unafaa zaidi ile michanga na migumu. Mkongwe unaweza kupoteza harufu yake ndani ya nusu saa. Onja kwanza. Ukiona bado umejifunga, harufu haijatoka, subiri, hakuna kinachokukimbiza. Joto liwe kama nyuzi 16 hadi 18. Chumba kikiwa cha moto, iweke chupa kwenye friji dakika chache, ikiwa wima vilevile.

Ukiweza, nunua pia chupa changa ya zabibu zilezile. Mpe kila mtu glasi mbili, kijana na mzee, juu ya kitambaa cheupe. Mchanga mara nyingi huwa na rangi ya zambarau hadi ukingoni, ingawa wa Nebbiolo huwa mwepesi zaidi wa rangi. Wa zamani ukingo wake umegeuka rangi ya chungwa. Hata rafiki asiyejua lolote kuhusu mvinyo ataiona tofauti, na mazungumzo yataanza yenyewe. Wewe mwenyeji nyamaza kwanza. Ukisema "nasikia harufu ya ngozi", wote watasikia ngozi, na utakuwa umewanyima nafasi ya kunusa kwa pua zao.

Chupa ya mililita 750 inatosha watu sita, kila mmoja apate kidogo mara mbili. Waambie wabakishe funda moja hadi mwisho wa chakula, kwa sababu mvinyo huo hubadilika sana ndani ya saa moja.

Na uwe na chupa ya akiba. Kizibo kikiwa na kasoro, mvinyo hunuka kadibodi iliyolowa, na hewa haiuponyi. Ukinusa hivyo, usiwalazimishe watu kunywa kwa sababu tu uliitunza miaka mingi. Iweke kando, fungua nyingine, nyama isije ikapoa.