Kubashiri sekta itakayopanda DSE

Mkuu, umeuliza kwenye DSE, yaani Soko la Hisa la Dar es Salaam, baada ya hisa za benki kupanda ni sekta gani itafuata, saruji, bia au simu. Mimi sijui, na anayekuapia kwamba anajua muulize aliweka wapi hela zake mwaka 2017. Mwaka ule Vodacom iliuza hisa kwa shilingi 850 na karibu kila mtu kijiweni aliimba simu, simu, simu. Baadaye bei ikashuka chini ya hapo. Benki wakati huo hakuna aliyezitaka, maana mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa kwa wakati, ilikuwa imepita asilimia 10 ya mikopo yote. Hisa ya benki ya CRDB, iliyouzwa kwa umma kwa shilingi 150 mwaka 2009, mwanzoni mwa 2020 ilikuwa chini ya 150. Mikopo chechefu ilipopungua faida ikarudi, na 2024 hisa ikavuka 600.

Kwa hiyo angalia mikopo chechefu, si stori. Benki hutoa hesabu kila robo mwaka, magazetini zipo. Saruji nayo fuatilia tani zilizouzwa na gharama ya nishati. Mimi nimegawanya: benki mbili, saruji, hela zilizobaki UTT, mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Ukibashiri, bashiri kwa hela ya soda.