Ukisoma hadithi ya mwenzako, mwambie ulipochokea

Kwenye magrupu yetu ya waandishi mtu akitupia hadithi yake majibu ni yaleyale, "kazi nzuri mkuu", "hatari sana", makofi na vidole gumba, alafu kimya. Au anatokea mmoja anaanza kuhesabu makosa ya nukta na mkato na kumalizia kwa kusema hadithi haina fundisho. Hao wote wawili hawajamsaidia mwandishi, na mi jambo hili linaniuma kweli maana tunapoteza watu wenye kipaji, anayesifiwa bure anabaki palepale na anayevunjwa moyo mbele ya watu mia mbili hatumi tena.

Nimesoma rasimu nyingi za wenzangu, nyingi kwenye simu usiku baada ya kazi, na kitu ninachokishikilia ni hiki: mwambie mwandishi kilichokupata wewe wakati unasoma na umwambie ni mahali gani hasa. Basi. "Pale mama anapofungua sanduku nilishtuka nikarudi kusoma tena." "Kuanzia bibi alipoanza kueleza historia ya kijiji nikawa naruka mistari." "Hapa nilidhani anayeongea ni dada mtu, kumbe ni mpangaji." Hakuna mwandishi anayeweza kukubishia kwamba hukuchoka, ulichoka. Ila ukimwambia "mimi ningeanzia kwenye mazishi" hapo umeshaanza kuandika hadithi yako wewe kwenye karatasi yake, na yeye ataanza kujitetea badala ya kukusikiliza.

Kuna kijana alinitumia hadithi ya konda wa daladala anayeokota begi kwenye gari ya Gongo la Mboto. Wazo zuri, begi lenyewe limefichwa vizuri mpaka unataka kujua lina nini, lakini huyo konda akifungua mdomo anaongea kama msoma taarifa ya habari: "Ndugu abiria, naomba unipatie nauli yangu kwa kuwa tunakaribia mwisho wa safari." Ningeweza kumwandikia mstari mwingine nikamtumia, nikaona hapana, nikamwambia tu kwamba hapo nilitoka kabisa kwenye gari, alafu nikamuuliza, mdogo wangu, konda uliyepanda naye leo asubuhi alikudai vipi? Akakaa nayo siku kadhaa akarudi na hii: "Oya wa dirishani, hujatoa hapo. Elfu kumi sipokei, nasema mapema." Mstari wake mwenyewe, mi hata nisingeufikiria, na kutokea hapo akayafanyia kazi mazungumzo yote ya hadithi bila mtu kumshika mkono.

Suala la tahajia. Najua inakera kukuta "mahari" pale palipotakiwa "mahali", au "ao" badala ya "hao", lakini kama ni rasimu ya kwanza acha kwanza, aya unayoisahihisha leo kesho inaweza kufutwa yote. Mwambie kwa sentensi moja kwamba tahajia itahitaji kupitiwa mwishoni, uendelee na mambo ya hadithi. Na kabla hujasema kitu ni kosa jiulize huyu mhusika anatoka wapi. Mwandishi wa Mombasa akimwandika bibi anayemwita mjukuu wake "ndoo hapa", msimrekebishie iwe "njoo", huyo bibi ndivyo anavyoongea na ndo ladha yenyewe ya kazi. Nimeona watu wa Bara wakilifanya hili kwa nia njema kabisa wakaiharibu kazi ya mtu.

Njia nyingine ninayoipenda sana ni kumsomea. Chukua ukurasa wake mmoja, usome kwa sauti, urekodi, umtumie kama voisi. Rafiki yangu mmoja alikuwa na aya yenye "aliamka, alioga, alivaa, alifunga mlango, alitoka", kwa macho inapita ila ukiisoma kwa sauti pumzi inakatika kila baada ya neno, na yeye alivyosikia akajua mwenyewe, toleo lililofuata mtu "aliamka, akaoga, akavaa akatoka" na mlango ameuacha.

Sifa nazo zitoe, tena zitoe kwa kuonesha kidole. "Nzuri" peke yake mwandishi hawezi kuifanyia kitu, lakini ukimwambia ule mstari wa baba kula akiwa amesimama ulikufanya ujue hana amani kabla hata hujaambiwa, hapo amejua ana silaha gani na ataitumia tena. Wengi tunasahau hili, kwamba mtu anaweza kufuta kitu chake bora kwa sababu hakuna aliyemwambia ni bora.

Mahali pa kusemea pia ni muhimu. Yanayouma yaende inboksi, kwenye grupu sema yale ambayo wengine watajifunza. Na kama aliyekutumia ni mtu mzima, mfano mwalimu mstaafu, salamu kwanza, shikamoo mwalimu, kisha swali: "Mwalimu, hapa kwenye kikao cha ukoo nilirudia mara mbili, naomba kuuliza, anayekataa mahari ni mjomba au baba mdogo?" Swali la namna hiyo halimshushi mtu heshima na tatizo ameliona waziwazi.

Kabla ya yote hayo lakini, muulize anataka nini na ana muda gani. Mtu akikuletea riwaya nzima na zimebaki siku tatu dirisha la tuzo kufungwa, iwe Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu au ile ya Kiswahili iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati Cornell, usimwambie abadili msimulizi, mwambie yanayorekebishika ndani ya siku tatu. Anayeandika hadithi ya mfululizo, zile za "itaendelea", sehemu ya kwanza wasomaji wameshaila, komenti zako ziangalie mbele, ni nini amekiahidi na bado hajakilipa.

Akirudi na rasimu ya pili soma, ila mwambie ukweli kwamba wewe sasa unajua begi lina nini na nani kaliacha, kwahiyo huwezi tena kumwambia kama mwanzo unavuta. Mtafutie mtu mwingine ambaye hajawahi kuigusa hiyo hadithi, asome yeye kwanza, usimdokeze chochote.